Kamba, Nati na Alama Kumi na Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara ya fizikia alinipa kamba ya mita moja, nati ya gari na saa ya sekunde. Nilikuwa préparateur, yaani mtu anayeandaa vyombo kabla wanafunzi hawajaingia. Aliniagiza niibembeze nati, nihesabu inavyokwenda na kurudi, nitafute namba ya uvutano wa dunia. Kila kitabu huiandika 9,81. Nikakaa robo saa kwa adabu, nikaandika 9,81.

Mkuu alikuwa ananichungulia dirishani. "Monsieur, weye haukupima kamba. Ulipima buku."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunifukuza, alinifundisha upya, na diploma yangu mfukoni.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa ofisi ya katibu wa masomo, kupokea faili za wanafunzi waliotoka vyuo vingine. Katibu, mama mkali lakini wa haki, alinifundisha kuandaa dispense, yaani ruhusa ya kutorudia kozi uliyokwisha kufaulu. "Karatasi iseme," aliniambia, "kisha uulize na mwenyewe."

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Solange, binti wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, akitoka chuo cha mbali kisicho na maabara. Fizikia ya mwaka wa kwanza alikuwa na kumi na sita juu ya ishirini. Dispense ilikuwa haki yake, lakini hakuitia sahihi.

"Papa," aliniambia kwa heshima, "mu deuxième, mwaka wa pili, sisikie kitu. Lakini nikirudilia na batoto ba premier, batanicheka. Na papa yangu?" Baba yake, mjukuu wa mfanyakazi wa reli, alikuwa ameitembeza ile kumi na sita parokia nzima.

Nikampa kamba na nati nilizozitunza mezani, na saa, atafute namba ile ile, nikaenda kutafuta chai. Niliporudi alikuwa ameandika 9,81. Nati ilikuwa palepale nilipoiacha, juu ya faili.

Nilicheka mpaka machozi. Akanuna. Nikamsimulia siku yangu ya kwanza, naye akalegea.

"Kule vyombo haikukuwa, Papa. Ripoti tulikuwa tunacopier ya bakubwa."

Kila darasa liliwaachia wanaofuata ripoti za kunakili, kama kaka anavyomwachia mdogo wake shati la shule.

"Sasa nifanye nini?"

"Miye sitakuchagulia. Seize, ile kumi na sita, iko yako. Fizike haiko yako bado."

Akanirudishia fomu bila sahihi. Jumatatu aliketi na wa mwaka wa kwanza. Wiki mbili walimwita Kambo, yaani bibi mzee. Ya tatu wakaanza kumwomba awaeleze.

Sasa nimestaafu, napalilia lengalenga zangu, mchicha wa bustanini, na nina furaha. Mwezi uliopita Solange, ambaye sasa ni assistante, yaani mwalimu msaidizi, alinialika maabarani. Mbele ya wanafunzi wake akanikabidhi kamba. "Papa, pima."

Mikono yangu hutetemeka siku hizi. Nilihesabu kwa sauti, nikapata 9,6. Niliona haya mbele ya vijana wale, na kalamu ikaanza kutafuta 9,81 yenyewe.

Solange akanishika mkono. "Acha vile, Papa. Ile njo ya kwako, umeipima."

Nikaiacha 9,6, nikatia sahihi chini yake.