Wiki mbili za kumwandaa Nasra

Leo nimepewa shikamoo na watoto sita wasiojua Kiswahili, hapa hapa Barking, ughaibuni.

Ilikuwa siku ya kwanza ya Nasra wangu nasari. Wiki mbili tumefanya mazoezi: kuvaa viatu mwenyewe, kula mwenyewe, kuniaga bila kulia.

Mama yangu alipinga tangu mwanzo. "Huko atasahau Kiswahili chote."

Tumefika mlangoni, Nasra kampa mwalimu mkono.

"Shikamoo."

"Hello, darling!"

Nasra hakuingia. Kaushikilia ule mkono, anangoja. Kwetu hupiti mpaka uitikiwe.

"Shikamoo."

"Hello!"

Foleni ya wazazi nyuma yetu imeshafika getini. Mtoto nimemwandaa wiki mbili, mwalimu nimemsahau.

Nikamnong'oneza mwalimu aseme "marahaba". Kasema. Nasra kaingia, wala hakugeuka nyuma. Nimelia mimi, kwenye basi.

Saa tisa nimerudi kumchukua. Watoto sita wamejipanga mlangoni, mikono mbele: "Shikamoo!" Nimewaitikia mmoja mmoja. Nikampigia mama video, ajionee.

Wa mwisho akatoka Nasra.

"Hi, Mummy."

Mama kakata simu.

Hebu niambieni, kati ya wale saba, wangu ni yupi?