Papa ya Mapasa

Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mbele ya jogoo kuwika na haijakata mupaka saa hii, ile mvua nyembamba ya Bunia isiyo na haraka, na barabara yote ya kartie, mutaa wetu, ni potopoto tupu.

Nianze na aibu yenyewe, juu nikiizunguka nitaishia kujitetea. Jana nilijivua nguo mbele ya Bunia muzima (si nguo za mwili, afazali zingekuwa hizo), ku radio, muchana, saa watu wanakula, na wale ambao hawakusikia wameelezwa na wale waliosikia, wakiongeza chumvi, ingawa kusema kweli chumvi ilikuwa tayari ya kutosha.

Radio moja ya hapa mujini (siitaji jina, wao hawakufanya kosa) iko na emisio ambamo wazee wanasimulia Bunia ya mbele ya vita. Wiki hii walitaka kukumbuka konseri ya zamani, wakati inchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, muimbaji mukubwa wa Kinshasa aliposhuka hapa kwa ndege na orkestre nzima akaimba ku kiwanja cha mupira. Jina lake siandiki, kila mutu wa umri wangu analijua, na wadogo wanaimba nyimbo zake bila kujua ni zake. Animateri, yule anayeongoza emisio, alikuja kwangu sababu kartie yote inajua kwamba siku ile muimbaji aliniita jina. Kama ningesema niko na kikohozi, mambo yangeishia hapo. Nilisema ndiyo, na nikanyoa ndevu. Mama Rasheli, bibi yangu, aliniuliza kama ku radio wanaona kidevu.

Basi nilieleza hivi. Siku ya konseri nilikuwa kijana, sina muke, sina kazi, nikasaidia kushusha ngoma na bafle (yale masanduku ya sauti) mu kamyo, na mupiga gitaa mumoja mwenye miwani akaniuliza weye ni nani, nikasema Floribert. Ni hayo tu tuliyoongea. Jua likienda kuzama, watu wamejaa mupaka juu ya ukuta, muimbaji akafunga macho katikati ya wimbo akasema, "Floribert, papa ya mapasa." Mapasa, watoto wawili wa mimba moja, sikuwa nao, hata mutoto mumoja sikuwa naye, kwa hiyo nilifikiri ni baraka, kwamba mutu mukubwa namna ile ameona mbele yangu kuliko mimi mwenyewe. Nikaoa nikingoja mapasa. Mimba ya kwanza nilinunua vitambaa viwili vya kubebea, akazaliwa Rasheli peke yake. Ya pili nikanunua tena viwili. Watoto wetu wote walikuja mumoja-mumoja, na kila mara nilikuwa namwangalia muzalishaji kama vile kuna kitu amesahau ndani. (Na haya yote niliyasema ku radio. Nilidhani yanachekesha, na kweli yalichekesha, animateri alicheka mupaka akakohoa, na hapo ndipo nilianza kujisikia mutu.)

Kisha akafungua simu. Wa kwanza aliuliza kama bado naendelea kutafuta. Wa pili, muzee mwenye sauti ya kukwaruza, aliniuliza kama sijui kwamba majina muimbaji anayotupa mu wimbo, yale tunayaita libanga, yananunuliwa: mutu anampa kitu mbele, naye anamwita. Ni haki niandike kwamba nilijua. Sikujua siku ile, lakini nimejua kwa miaka mingi. Nilijiambia tu kwamba ile yangu ilikuwa ya bure.

Wa tatu alikuwa mwanamuke. Aliongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinipotosha.

"Papa, ile jina haiko yako. Floribert iko bwana yangu, alikuwa anafanya biashara ya zahabu kule Nizi. Ile wiki nilikuwa nimezaa mapasa, na yeye akamupa mupiga gitaa wa miwani zahabu kidogo, ili aitwe na watoto wake."

Mutu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na mikro mbele ya mudomo, kidevu kinang'aa, watu wananisikiliza, na niliona kitu pekee kikubwa kilichonipata mu maisha kinatoka mukononi. Nikasema akina Floribert ni wengi Ituri. Nikasema mapasa nao ni wengi. Kisha nikasema, tena nikicheka, "Kama iko yake, mama, basi apige simu yeye mwenyewe atuambie."

Tulisikia kuku wa yule mama wakilia ku simu. Kisha mama akasema, "Kule alikwenda, papa, rezo ya simu haifike."

Animateri akaweka muziki.

Leo asubuhi Mama Rasheli alirudi haraka kutoka sokoni. Alikuwa amesikia wanawake wa kabila lingine wakisema kwamba watu wa kwetu walichukua vilima, wakachukua ngombe, na sasa wanachukua hata majina ya maiti. Na wa kwetu walijibu (siandiki walivyojibu, lakini haikuwa nzuri kuliko ile, lazima niseme). Ndipo nilipoogopa. Yule mama ni wa upande mwingine, wale tuliopigana nao wakati wa vita, na amani tuliyo nayo hapa ni amani ya kusalimiana: tunauziana nyanya, tunasali mu kanisa moja, na jioni kila mutu anarudi upande wake na kufunga mulango. Haina nguvu ya kubeba muzaha kama wangu.

Nikavaa koti. Mama Rasheli alisema nisiende peke yangu, kisha akasema nikienda na wanaume wengine itakuwa mubaya zaidi, kisha akavaa buti zake akaenda nami. Haki yake niiandike: bila yeye ningegeukia njiani.

Kule ngambo ya muji, upande wao, wote walitujua. Tuliuliza nyumba ya Mama Mapasa (ndivyo hapa tunamwita kila mwanamuke aliyezaa mapasa), wakatuonyesha kwa kidole, halafu tukasikia macho yao mugongoni. Alikuwa amekaa barazani anachambua maharagi. Kijana wake, mumoja wa wale mapasa, sasa mwanaume wa ndevu, alisimama mulangoni na hakutusalimia.

"Huyu ndiye mwenye jina?" alimuuliza mama yake.

Mama yake akamwambia alete viti.

Nilitoa samahani yangu vibaya, nikianza mara nikirudi nyuma. Yeye alieleza kwa ufupi, macho ku maharagi: wakati wa vita bwana yake alitoka na yule mwingine wa mapasa, wakaenda Bambu kuona kama shimo lao la zahabu lingaliko, na tangu pale hakuna aliyesema aliwaona, na wala hawakupata mutu wa kuzika. Nyumba ya kwanza iliungua na picha zote. Nikamwambia jina ni la bwana yake na nitarudi ku radio kulisema. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, nafikiri hakuwa ananisikia.

"Ndoyi," akaniita. (Ndoyi ni mutu munayebeba naye jina moja, na ndoyi wa bwana yako ni jamaa mu nyumba yako. Sikustahili.) "Mimi sikuwa ku konseri. Nilikuwa kitandani materinite na wale mapasa. Bwana yangu alikuja mbio kuniambia, lakini hakuwa na sauti, aliisema sawa mutu anaita pikipiki ya kulipa barabarani. Weye ulisikia. Sema vile muimbaji alisema."

Mimi pia sina sauti. Nilimwangalia Mama Rasheli, naye aliangalia buti zake. Nikasema ukweli: nimesimulia mara nyingi mupaka sijui tena ya muimbaji ni ipi na yangu ni ipi, nimezoea kusema mara mbili, lakini inaweza kuwa alisema mara moja tu.

"Watoto walikuwa wawili," alisema. "Sema mara mbili."

Nikafunga macho kama muimbaji alivyofunga. Mara ya kwanza sauti ilipasuka. Mara ya pili ilitoka, kwa kadiri yangu. Nilipofungua macho, kijana alikuwa amegeukia ukuta, na mama yake alikuwa bado anachambua, ila mawe na maharagi alikuwa anayatia mu sahani moja.

Tukirudi, Mama Rasheli alisema nisitaje tena mapasa mbele yake, hata wa mutu mwingine. Nimekubali. Wiki ijayo nitasema ku radio kwamba jina halikuwa langu, kisha nitoke bila kuchekesha mutu. Sijui kama itawatosha wale wa sokoni, nafikiri haitawatosha. Na ku harusi ao ku matanga, wakiniomba ile hadithi, nitasema Floribert mwingine ndiye aliitwa, mimi nilishusha bafle.

Jioni tumekula bugali ya muhogo na majani ya lengalenga, bila samaki. Mama Rasheli, ambaye siku zote ananipakulia wa kwanza, leo alinipakulia wa mwisho.