Mluzi wa Fundi Magodoro

Mashine mpya ya maabara huhesabu chembe za damu kabla hujamaliza kupiga chafya. Mama Hadubini, mpimaji aliyebakiza wiki moja astaafu, haoni ajabu yoyote. Mashine haijui inamhesabu nani. Yeye aliwahi kumhesabu baba yake.

Baba alikuwa fundi magodoro. Vumbi la sufi lilijaa nyumba nzima, na kifua chake kilipiga mluzi tangu alfajiri. Binti alijua baba kaamka kwa kuusikia. Pumu ile ilikuwa na dawa mbili za kuvuta. Ya kufungua kifua kikibana, aliitunza kama mboni ya jicho. Ya kila siku, ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, aliisahau kabatini. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema majirani. Alipozidiwa mara ya tatu katika mwaka mmoja, daktari hakumficha binti: shambulio la nne lingeweza kumwondoa.

Binti akampeleka maabara alikofanya kazi, akamchoma kidole, akatandaza tone kwenye kioo, akalitia rangi, akamketisha mbele ya hadubini.

"Baba, unaziona hizo zenye punje nyekundu?"

"Naziona. Zimependeza."

"Zimependeza nini! Ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Katika chembe nyeupe mia, mtu huwa na za aina hii mbili tatu. Zako nimehesabu kumi na nne. Zikikimbilia kifuani, ndizo zinazokivimbisha."

"Lakini leo siumwi, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuonyesha leo."

Mzee akarudisha jicho kwenye hadubini.

"Kumbe ni kama kunguni," akasema mwishowe. "Mchana huwaoni, ukadhani godoro ni zima. Wateja wangapi nimewagombeza kwa hilo!"

Tangu siku hiyo akaivuta dawa kila asubuhi, bila kusukumwa. Binti akahesabu tena: tisa, kisha nne.

Asubuhi moja binti aliamka, nyumba kimya. Hakuna mluzi. Alikimbia peku hadi chumbani, moyo mkononi. Baba alikuwa ameketi kitandani, anatia uzi kwenye sindano.

"Kuna moto?" akauliza.

Binti akalia hapohapo mlangoni.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, uzee ukamchukua taratibu. Na kila alfajiri, Mama Hadubini bado anautegea sikio ule mluzi alioufukuza mwenyewe.