Nyoka wa Ami Khalfan na Kiarabu Changu cha Uongo

Kosa ni langu mie mwenyewe, sina wa kumsukumia. Si shetani, si joto la mji wetu wa Birkat al Mauz, wala si yule nyoka, masikini ya Mungu, aliyekaribia kufa kwa sababu ya ulimi wangu. Jina langu silisemi. Watoto wangu wanasoma kila kitu, na shangazi wa mke wangu, ingawa hasomi, ana watu wa kumsomea.

Tulitoka Unguja tukaingia Oman mwanzo wa miaka ya sabini. Nasaba ya Kiarabu, majina ya Kiarabu, kanzu nyeupe pe. Kiarabu chenyewe ndicho hatukuwa nacho. Kurani nilikhitimu nikiwa mdogo, lakini mtu akiniambia nisogeze kiti, namtazama usoni nasubiri anioneshe kwa mkono. Na haya nilizokuwa nazo za kusema sijui! Mtoto wa Kiarabu hajui Kiarabu, watu watasemaje? Nikashika maneno matatu, zein, tamam, inshallah, yaani vizuri, sawa, Mungu akipenda, nikawa nayazungusha hayo hayo. Kazini Nizwa yalinifikisha mbali kuliko nilivyostahiki.

Nyumbani tulikuwa watatu: mie, mke wangu Salma, na shangazi yake Bi Zuwena, mtu mzima mpole, mjane, hakujaaliwa mtoto. Mgeni akibisha hodi natoka mie. Wao wakiniuliza mgeni kasema nini, nawatungia.

Jirani yetu Ami Khalfan alikuwa na shamba la mitende, na ndani ya ghala la tende akifuga nyoka. Msishtuke, hana sumu. Jike, mrefu kama bakora, ana madoa ya kahawia mgongoni, na kazi yake ni kula panya. Mzee akimwita Lauza, yaani lozi. Akimpenda kama wengine wanavyopenda paka, akimwacha aingie mkono mmoja wa kanzu atokee wa pili huku yeye anakunywa kahawa.

Mwezi wa Rajabu, joto limeshika, Ami Khalfan akapata safari ya umra. Bi Zuwena siku hiyo alikuwa matangani. Mzee akaja na Lauza ndani ya kapu, na bakuli kubwa la udongo la Bahla, tupu. Akasema maneno mengi, na mie zein, tamam. Mwisho akamgusa Lauza tumboni, palipokwishaanza kujaa, akanishika mkono, akasema pole pole kama anayesomesha chuoni:

"Raml. Lazim raml. Fahimt, ya waladi?"

"Fahimt," nikamjibu. Umefahamu, mwanangu? Nimefahamu.

Na kweli nilifahamu, lakini kwa Kiswahili. Nilisikia ramli. Lazima ramli. Nikajiuliza, mzee mcha Mungu huyu, yuko njiani kwenda Makka, ananiagiza nikampigie nyoka wake ramli? Kisha nikajijibu kuwa labda ndizo ada za huku. Yeye ndiye mwenyeji, mie nani wa kuuliza?

Siku kumi Lauza alikuwa mzima. Baadaye akaanza kuhangaika, anazunguka kapu zima, anasukuma pua kila pembe kama mtu aliyepoteza ufunguo. Tukamtoa atembee. Akataga yai moja juu ya saruji kavu, na kufika adhuhuri limeshanyauka. Baada ya hilo, basi. Tumbo la nyuma limefura, mayai unayaona chini ya ngozi moja moja, na hayatoki. Siku ya nne akawa kalala tu, ukimgusa hainui kichwa.

Na ile ni amana, jamani. Mtu yuko mbele ya Kaaba anakuombea dua, nawe nyumbani unamuulia nyoka wake.

Ndipo nikalikumbuka agizo. Huko Firq, nyuma ya gereji moja, alikuwepo mpiga ramli, mtu wa bara aliyerudi kama tulivyorudi sisi. Na lile bakuli nikalifahamu pia, kwa akili zangu: mzee kaliacha la kutilia zawadi ya fundi. Nikalijaza halua mpaka juu nikaenda zangu, sikumwambia mtu.

Fundi akaonja halua, akaisifu. Kisha akamwaga mchanga juu ya sinia, akausawazisha kwa kiganja, akaanza kuchorachora kwa kidole. Nataka mpaone vizuri hapo. Mchanga ulikuwa shubiri moja kutoka magoti yangu, nami nautazama.

"Nyumbani kwako yumo mwanamke asiyezaa," akasema. "Jicho lake ndilo lililomfunga huyo nyoka. Mtenge naye."

Ningeweza kunyamaza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikaingia ndani nikamkuta Bi Zuwena kakaa sakafuni kando ya kapu, anampoza Lauza kwa kitambaa cha majimaji, anamsomea Yasini kwa sauti ya chini.

Nikamwambia, "Shangazi, muache. Nimeambiwa jicho la asiyezaa ndilo lililomfunga."

Alikikamua kile kitambaa, akakitundika kambani, akaingia chumbani kwake. Alasiri akapanda gari ya watu wa Ibra, kwa jamaa zake.

Nikamweleza Salma yote, agizo la mzee na ya Firq, nikidhani atanihurumia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka thelathini watu wa Unguja hawakumtamkia neno hilo. Umekuja kumtamkia weye, uliyekula mkononi mwake." Kesho yake asubuhi naye akamfuata shangazi yake. Tukabaki mie na Lauza, wote wawili hatuli. Nililia, sioni aibu kusema. Nimepoteza amana ya jirani na heshima ya nyumba yangu kwa wiki moja!

Siku ya pili gari ikasimama mlangoni, wakashuka wote wawili; Salma alikwishamhadithia shangazi yake agizo la mzee. Nikasema shikamoo, Bi Zuwena akanipita. Akainama penye kapu, akamtazama Lauza, kisha akanigeukia.

"Khalfan alikwambia nini? Neno kwa neno."

"Alisema lazima ramli."

"Alisema ramli, au alisema raml?"

"Si ndiyo hiyo hiyo, Shangazi."

Salma akajifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika. Bi Zuwena hakucheka.

"Raml ni mchanga, baba. Mchanga. Nyoka huyu anataka mchanga wenye majimaji afukie mayai yake. Hakuupata, kayazuia mpaka yamemkwama. Bakuli alilokupa la kutilia mchanga liko wapi?"

Bakuli lilikuwa Firq, na halua yake.

Ndiyo siku niliyojua kuwa Bi Zuwena ni mzaliwa wa Ibra. Alipelekwa Unguja ana miaka tisa, na Kiarabu cha huku anakijua kama jina lake. Miaka yote ile niliyokuwa nikiwatungia maneno ya wageni, yeye yuko chumba cha pili anawasikia wenyewe.

"Mbona hukunisahihisha?" nikamuuliza.

"Mwenye nyumba ni weye. Nilingojea uulize."

Mchanga peke yake ulikuwa umeshachelewa. Tukampeleka Lauza Nizwa kwa daktari wa mifugo, Msudani, mtu wa mbuzi na ngamia. Alipoanza kusema, mie nikaanza zein, tamam. Bi Zuwena akaniambia ninyamaze, akazungumza naye mwenyewe. Daktari akamweka Lauza ndani ya maji ya uvuguvugu, akampapasa, akakuta yai moja limekaa vibaya na ndilo lililoziba njia. Akachukua sindano nyembamba, akalifyonza taratibu mpaka likanywea, likateleza likatoka.

"Sasa mkampe raml," akasema, na wote wawili wakanigeukia mie.

Mchanga niliuchota wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kwa mikono yangu, nikauchekecha, nikaunyunyizia maji, nikaujaza ndani ya karai. Sijapata kufanya kazi kwa utiifu kama ule. Lauza akajichimbia ndani akapotea. Kesho yake Bi Zuwena alikaa kando ya karai tangu chai ya asubuhi, tasbihi mkononi. Kabla ya adhuhuri akaniita.

"Njoo uhesabu. Jicho la asiyezaa limeyatazama asubuhi nzima, na yametoka sita."

Nikapiga magoti nikambusu mkono. Nikataka nimuombe radhi kwa Kiarabu, ajue nimeanza kujifunza. "Samihini," nikasema. Akanirudisha, ati hiyo ha inatoka kooni, niseme tena. Nilisema mara saba mpaka akaridhika, na mara ya saba akacheka. Salma anasema tulisikika mpaka kwenye falaji, mfereji wa maji ya mashamba.

Ami Khalfan aliporudi nilimsimulia kila kitu, Bi Zuwena akitafsiri, naye alicheka mpaka akavua kilemba. Kazini habari ilifika kabla yangu. Mpaka nilipostaafu, kila aliyetaka mchanga wa kujengea aliletwa kwangu.

Hayo ya kucheka. Lakini mwaka uliofuata, tulipojaaliwa mtoto wetu wa kwanza, Bi Zuwena alisimama nje ya mlango wa chumba kajifunika kanga yake mpaka kwenye nyusi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Niingie nimtazame, au nisubiri?"

Alikwishanisamehe, na bado aliuliza. Nilimchukua mtoto nikampakatisha, nikamwambia amtazame mpaka achoke. Huyo mtoto leo anamwita bibi, wala hajui kuwa siku ya kwanza bibi yake aliomba ruhusa.

Basi nanyi mliorudi na mnaorudi, kuuliza si ujinga. Semeni hamjui, semeni mara mia mbele ya watu, hakuna aliyevuliwa nasaba kwa neno hilo. Na msimpe mtu mzima wa nyumbani kwenu neno lililotoka kwa mpiga ramli. Mayai ya nyoka yalitolewa kwa sindano. Neno langu sikumuona daktari wa kulitoa.