Mhuri Uliogongwa Kichwa Chini

Nimeishi katika miji ambako mtu asiyekubaliana na wewe hupiga meza, na mingine ambako huondoka bila kuaga. Katika kampuni ya Niigata, Japani, aliyofanyia kazi Amagai Fumie, mtu wa namna hiyo hugeuza mhuri.

Waraka wa jambo jipya huzunguka ofisi nzima, na kila mkuu wa kitengo hugonga mhuri wa jina lake kwenye kisanduku chake. Mdogo huulaza wake kidogo upande wa kushoto, kuelekea kisanduku cha mkubwa wake, ili hata karatasini aonekane ameinama. Amagai aliinamiwa hivyo kwa miaka sita. Alikuwa mkurugenzi wa masoko, na kampuni yake hutengeneza mochi, yale madonge ya mchele uliotwangwa ambayo kila nyumba huyala Mwaka Mpya. Alianza akiwa msichana wa kuonjesha wateja madukani, aproni kiunoni, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Sifa yake ilikuwa kasi. Aliweza kugonga nyaraka ishirini huku simu imebanwa begani.

Mwaka aliotimiza hamsini na nne, kampuni iliwapeleka wakubwa wake kwenye semina ya siku tatu, katika hoteli ya maji moto milimani, wafundishwe kuongoza kwa akili iliyotulia.

"Nimepumua miaka hamsini na nne bila mwalimu," alimwambia katibu wake, Chinami, aliporudi. "Wametuketisha sakafuni tusikilize pumzi. Mmoja akakoroma."

"Nani huyo, Mkurugenzi?"

"Mimi."

Hata hivyo jambo moja lilimganda. Mwalimu alisema kwamba kabla mkono haujaamua, uwekwe chini kwanza. Amagai akajiwekea desturi: mhuri ungelala kwenye kitambaa chake mpaka chai iache kutoa mvuke, na muda huo angeutazama waraka tu, bila simu. Chinami hakukawia kumtania.

"Chai yako imekufa, Mkurugenzi. Nilete nyingine tuizike hii?"

Mwezi wa kumi ulifika waraka wa mochi laini. Maabara walikuwa wamehangaika nayo miaka mitatu, maana kila Mwaka Mpya wazee husongwa na madonge yale, wengine hufa, na nyumba nyingi za wazee zilikuwa zimeacha kununua. Kwenye pakiti palichorwa mzee peke yake mezani, anatabasamu, na chini yake maneno makubwa: Kula Bila Wasiwasi. Bwana Tokoro, rais wa kampuni, aliitaka madukani kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Ikifika kwa wakati, Amagai angeingia kwenye bodi mwezi wa nne, mwanamke wa kwanza. Hakuna aliyemwambia hivyo waziwazi, lakini hakuna asiyejua.

Aliulaza mhuri wake kwenye kitambaa, akatazama. Mihuri saba ilikuwa imeinama kumwelekea, kama kawaida. Kisha akaona kwamba wa tano ulikuwa umegongwa kichwa chini.

Katika ofisi ile kila mtu anajua maana yake: nimegonga kwa sababu nimetakiwa, ila msinihesabu. Jina lilikuwa la Kaburagi Tadao, mkuu wa kitengo cha utafiti wa wateja, mtu mpole aliyebakiza miezi mitano astaafu. Amagai akamwomba Chinami majalada ya miaka sita iliyopita. Alipekua mpaka chakula cha mchana kikapita. Akaihesabu mihuri ya Kaburagi iliyosimama kichwa chini, ikafika kumi na moja, na mwisho wa kila mstari ulikuwapo mhuri wake mwenyewe, umenyooka, wino umekolea. Mmojawapo ulikuwa kwenye waraka wa peremende za watoto zilizorudishwa kiwandani baada ya akina mama kulalamika. Alikumbuka alivyofoka siku ile mkutanoni: kwa nini hakuna aliyesema? Kaburagi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake.

Akamwita.

"Bwana Kaburagi, mhuri wako umeanguka kichwa chini."

Kaburagi akausogeza waraka karibu na miwani. "Samahani sana, Mkurugenzi. Uzee huu. Mkono umeteleza."

"Umeteleza mara kumi na moja?"

Akayaona majalada. "Basi ni mkono wenye mazoea mabaya."

Hawakucheka. Amagai alitoka nyuma ya meza yake, akaketi upande wa mgeni, akammiminia chai. Kule semina walifundishwa kunyamaza, lakini huyu alikuwa amenyamaza kazini miaka thelathini na tano, na Amagai ndiye aliyechoka kwanza. Alitaka kusema neno, akalimeza. Walikaa hivyo mpaka magari ya kiwandani yalipoanza kupakia nje.

"Mama yangu ana miaka themanini na minane," Kaburagi alisema hatimaye. "Sisi tuliwaonjesha wazee arobaini. Tuliwaketisha wima, chai mbele, muuguzi pembeni. Wote walimeza salama. Mama hali hivyo. Anakula amesimama jikoni tukiwa tumetoka, harakaharaka, maana anaona haya kutafuna polepole mbele ya mke wangu. Donge letu ni laini, kweli. Lakini likiwa kubwa bado linanata. Leo anakata vipande kama kucha kwa sababu anaogopa. Na sisi tunakwenda kumwambia asiogope."

"Ulimwambia nani haya?"

"Niliuambia mhuri."

Amagai akachukua wake. Aliuzungusha vidoleni polepole mpaka jina likawa limegeuka. Ingekuwa kugonga mara moja tu. Waraka ungefika kwa Tokoro, pakiti zingefika madukani, kiti cha bodi kingemngoja, na yeye angekuwa amesema.

"Usifanye hivyo, Mkurugenzi," Kaburagi alisema, sauti imeshuka. "Utalala vizuri. Mimi nimelala vizuri mara kumi na moja."

Akaurudisha mhuri kwenye kikasha chake.

Mkutano wa Jumatatu ulikuwa wa kuitikia kwa vichwa tu, kama yote. Mambo huwa yameshakubaliwa kabla watu hawajaketi. Amagai akauweka waraka mezani, kisanduku chake kitupu.

"Umesahau mhuri, Bi Amagai," mkuu wa mauzo akamcheka. "Ndiyo mafunzo ya pumzi hayo?"

"Sijasahau. Maneno ya pakiti yatawafanya wazee waache kukata vipande vidogo. Niliyapitisha mwenyewe hatua ya kwanza, nikiwa na haraka. Sigongi."

"Nani amekwambia hayo?" Tokoro aliuliza.

"Karatasi."

"Maduka yameshatutengea rafu."

"Najua. Mimi ndiye niliyewapigia magoti."

"Na mwezi wa nne unaujua?"

"Naujua, Bwana Rais."

Tokoro aliukunja waraka, akataja jambo linalofuata.

Majira ya Mwaka Mpya wakauza mochi ileile ya zamani, na rafu walizotengewa zikachukuliwa na wapinzani wao. Mwezi wa nne mkuu wa mauzo ndiye aliyeingia kwenye bodi. Mochi laini ilitoka vuli iliyofuata, imekatwa tayari, kila kipande kama ncha ya kidole gumba. Maneno ya pakiti aliyaandika Kaburagi wiki yake ya mwisho kazini: Kipande Kimoja, Kisha Chai. Kwenye picha, mbele ya mzee aliketishwa mtu mwingine. Iliuzwa kiasi, si kwa kishindo.

Kila Januari magazeti huandika idadi ya waliokimbizwa hospitali kwa sababu ya mochi. Amagai huisoma habari hiyo akiwa amesimama, mji kwa mji, kisha hulikunja gazeti. Waliosalimika hawaandikwi humo, na hana namna ya kuwajua.

Mara ya mwisho nilipomtembelea ofisini, waraka mwingine ulikuwa mezani, na mhuri wake umelala kwenye kitambaa. Kisanduku cha tano, kilichokuwa cha Kaburagi, sasa ni cha mama mmoja mgeni kazini, na mhuri wake ulikuwa umeinama mno, karibu kulala kabisa. Amagai alimwita.

"Kuna jambo kwenye waraka huu?"

"Hamna kitu, Mkurugenzi."

Amagai alitoka nyuma ya meza, akaketi, akamsukumia kikombe cha chai iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Kunywa," alimwambia. "Nina muda."