Maganda Kumi na Mawili ya Mzee Gwandu

Nakumbuka siku moja pale Endamarariek, mwanangu, nilipokaribia kumtoa macho mtu niliyempenda kama baba. Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi tu. Umeniomba nikufundishe kujaza risasi, nami nimefurahi kweli, ila nisikilize kwanza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Dukani hata sabuni ilikuwa shida, sembuse risasi. Jirani yetu Mzee Gwandu, askari mstaafu, alikuwa na bunduki ya marisau yenye kibali, na ndiyo iliyolinda mahindi yetu sote dhidi ya nguruwe pori. Risasi zake alijaza mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa analisafisha, analitia fataki mpya ya kuwashia moto, kisha baruti, kizibo na marisau. Nilimng'ang'ania miezi mitatu mpaka akanikubali. Mezani pake sharti lilikuwa moja: mtu akija, usimwitikie mpaka umalize ganda lililo mkononi. Nikaona huo ni ukorofi wa kizee. Sisi Wairaqw tumwache mgeni bila salamu!

Alasiri moja aliniachia maganda kumi na mawili nijaze peke yangu. Katikati ya kazi, mama mkwe wangu akaingia uani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliinuka, nikamwamkia, nikaulizia ng'ombe, mvua, watoto, hadi ndugu zake wa Mbulu. Niliporudi mezani sikujua lipi nimeshalitia baruti. Nikakisia, nikaziba yote, nikampelekea mzee.

"Ahsante, fundi," akasema.

Neno hilo lilinivimbisha kichwa, nikaacha kumwambia kwamba nimekisia. Nilimtazama akielekea shambani, bunduki begani, na risasi nilizozikisia mfukoni mwake. Nikatimua mbio.

"Mzee, usipige! Kuna moja nadhani nimeitia baruti mara mbili. Sijui ni ipi."

Akageuza njia. Tulirudi, na nguruwe wakala mahindi ya watu jioni hiyo. Tulifungua risasi zote, moja moja. Ya tisa ilikuwa na baruti ya risasi mbili. Akaimimina kiganjani mwangu.

"Hii ingenipasukia usoni," akasema. "Mkono wako bado siuamini. Mdomo wako nimeuamini leo. Kesho uje."

Mama mkwe alielezwa sharti lile na mzee mwenyewe. Tangu hapo alikuwa anasubiri langoni, akiwaambia wapita njia kwa majivuno, "Mkwe wangu yuko mezani, msimsumbue."

Nami najivuna pia, sifichi. Nimejaza risasi miaka mingi na hakuna aliyeumia. Wala sijaichoka kazi hii, maana kila nilichojaza nilikiandika daftarini, na kila mara nilitaka kujua kwa nini hii imepiga vizuri kuliko ile.

Basi, mwanangu, anza na kibali. Kisha keti na fundi, jaza chache, andika kila kitu, na usikimbilie nyingi. Mgeni akija, maliza lililo mkononi ndipo umsalimie, atakusamehe. Ukisahau ulipofikia, usikisie hata kidogo, fungua zote uanze upya. Na siku utakapokosea, sema kabla mwenzako hajafyatua bunduki, hata kama dakika ile ile wamekuita fundi.

Mungu akupe mikono mitulivu, na akikunyima hiyo, akupe miguu ya kukimbia kwenda kusema.