Ng'ombe Aliyegeuzwa Mpakani

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu, katika shule moja ya Kitale, kwamba ushindani humfaidi mnunuzi. Naandika ubaoni, wananakili, wanapita mtihani. Siku ushindani wenyewe ulipofika nyumbani kwa mama, nilikuwa nimeshika mkia wa ng'ombe.

Mama anaishi upande wa Ndalu, mahali shamba letu linapogusana na mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia. Tulipokuwa wadogo, ng'ombe akija joto, yaani akitaka fahali, alipelekwa kwenye krashi, kile kichochoro cha mbao cha kumbana asirushe mateke. Hapo tulimngoja mtu wa serikali aje na mbegu ya fahali. Alikuja na pikipiki ya serikali, buti za serikali na uso wa serikali. Siku nyingine hakuja kabisa. Mama alisimama pale tangu umande mpaka jua la utosini, joto likaisha, wakarudi nyumbani yeye na ng'ombe wamenuna sawasawa. Juma lililofuata mtu huyo alipita akasema hapakuwa na mafuta. Kwa hiyo serikali ilipojitoa na kuwaachia watu binafsi kazi hiyo, mimi sikuona cha kulilia. Nilimwambia mama, "Sasa utaona."

Na kweli tuliona. Siku hizi wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu ni wengi kuliko mafundi wa baiskeli. Nambari zao zimebandikwa kwenye nguzo za stima na milango ya vyoo vya soko. Mama hunipigia simu nikiwa kwangu Tuwan, mjini Kitale, mimi nampigia daktari, maana wote tunawaita daktari, na kabla chai haijapoa yuko langoni. Anakuja na kitabu cha picha za mafahali wa ng'ambo, wameoshwa wakaoshwa tena, wamesimama kwenye nyasi nadhifu kama mabwana harusi. Mama alikipenda sana kitabu hicho. Siwezi kudanganya, hata mimi nilikipenda.

Safari hii alichagua fahali mmoja wa madoa kwa sababu alitaka ndama jike. Ng'ombe wake amezeeka, na ndiye pekee aliyebaki wa uzao wa mtamba aliyeletwa katika mahari ya dada yetu mkubwa. "Huyu akienda bila kuacha msichana," mama aliniambia, "basi imeisha. Mimi sina nguvu ya kuzoeana na ng'ombe mgeni." Daktari aliyempandisha alitoka Kitale, naye akatoa garantii ya mdomo: mbegu isiposhika, anarudia bure.

Miezi mitatu na kitu ikapita. Asubuhi moja ng'ombe akaanza kulia na kuwapanda ng'ombe wa majirani malishoni. "Imerudi joto," mama akasema kwa huzuni. "Haikushika."

Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimpigia yule wa Kitale nikamkumbusha garantii yake. Kisha, kwa kuwa mwalimu hachoki kufundisha, nikampigia mwingine wa Bungoma kumuuliza kama yeye angetupa masharti mazuri zaidi. Alikata simu bila kujibu. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anawasha pikipiki.

Walifika kwa kufuatana. Ng'ombe alikuwa tayari ndani ya krashi, nao wakasimama kila mmoja na mtungi wake wa kuhifadhia mbegu miguuni, hawasalimiani.

"Mama, mimi ni mtu wa neno langu," akasema wa Kitale. "Narudia bure."

"Kukhu," akasema wa Bungoma, kwa heshima ya mjukuu kwa nyanya yake, "si umeona ya kwanza imekataa? Mbegu ya huyu ni maji tu. Mimi pia nafanya bure, na nakuachia chumvi ya ng'ombe."

"Chumvi na dawa ya minyoo," akajibu wa Kitale.

"Na kofia."

Wa Kitale alikuwa na kofia pia. Jua halijapanda sana, mama alikuwa ameshapewa kofia mbili, na kwa adabu alikuwa amezivaa zote, moja juu ya nyingine. Mimi nilijawa na furaha. Hili ndilo somo langu, nilijiambia, na bei imeanguka mpaka chini.

Mama akaingilia, "Hamtamwangalia kwanza kama kuna kitu ndani?"

"Kukhu, kitu gani tena, na imerudi joto?" akasema wa Bungoma.

"Mama, waache," nikasema mimi. "Hawa ni wataalamu."

Hapo ndipo wa Bungoma alipotoa karata yake ya mwisho. Madaktari hawa, soko huria au si huria, walikuwa wamekubaliana chinichini kwamba wa Kitale asivuke mpaka na wa Bungoma asivuke. "Hii ng'ombe iko Bungoma," akasema. "Hata ile mara ya kwanza ulivuka."

Wa Kitale akatazama mstari wa ua, ambao ndio mpaka, na ambao unapita katikati ya krashi yetu. "Kichwa kiko Trans Nzoia, bana."

"Kwani unaweka mbegu kwa kichwa?"

Tulizunguka wote wanne kwenda kukagua. Hapakuwa na ubishi: nyuma yote ilikuwa Bungoma.

Wakanigeukia mimi niamue, kwa kuwa ni mwalimu. Nikaamua kwamba ahadi ni ahadi, wa Kitale atimize garantii yake, na ili pasiwe na uvunjaji wa makubaliano, ng'ombe ageuzwe. Kumgeuza ng'ombe mzee aliyezoea kuingia krashi kwa upande mmoja maisha yake yote si mchezo. Tulivuta, tukasukuma, tukabembeleza. Hata wa Bungoma alikuja kusukuma, ati hawezi kuvumilia kuona ng'ombe akigeuzwa vibaya. Mwishowe makalio yakavuka kwenda Trans Nzoia. Nilishika mkia, wa Kitale akafanya kazi yake chapuchapu, na wakaondoka wakipungiana mikono.

Siku tano baadaye shule zilikuwa zimefunguliwa, nami nilikuwa darasani mama alipopiga simu. Nilitoka nje.

"Ng'ombe ametupa ndama," akasema.

"Ndama gani, mama? Juzi tu ndiyo..."

"Wa ile mara ya kwanza. Alikuwa ndani, na ile mbegu ya pili ndiyo iliyomtoa. Ng'ombe wengine hulia joto hata wakiwa na mimba, nilishaliona hilo zamani. Yule wa serikali alikuwa anaingiza mkono kwanza, anapapasa, anafikiri. Ndiyo maana alikuwa anachelewa."

Kumbe mbegu ya yule wa Kitale ilikuwa imeshika vizuri. Angempapasa tu angeshinda palepale mbele ya mshindani wake, lakini alikuwa na haraka ya kututhibitishia kwamba garantii yake haina longolongo. Na mimi ndiye niliyemgeuzia ng'ombe. Niliona aibu.

"Alikuwa jike," mama akasema. "Nimemzika mwenyewe. Usimwambie daktari yeyote, baba. Watakuja tena wote wawili."